Leo Mimi ni Kamba

Mkoba wa vipimo nimeuacha kwenye kabati la chini, upande wa kushoto, na funguo anazo Nekesa. Betri za alkoblo, ile mashine ya kupulizia ya kupima pombe, zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Msikimbilie dukani kabla ya kuangalia humo. Vikopo vya mkojo viwekwe mbali na dirisha, maana jua la adhuhuri la Bungoma huharibu zile karatasi za kupimia, kisha mtu asiye na kosa akaonekana mvuta bhangi. Hayo ndiyo makabidhiano rasmi. Haya mengine nayaandika kwa sababu Nekesa, muuguzi aliyechukua nafasi yangu, aliniambia, "Sista, usiende na hizo hadithi zote nyumbani. Huko utamwambia nani?" Alisema kweli. Nimestaafu juzi tu, na tayari nimegundua kwamba nyumbani hakuna anayetaka kusikia habari za mikojo ya watu wakati wa chakula.

Jina langu ni Zuhura. Nimezaliwa Kitale, mtaa wa nyuma ya msikiti, baba yangu akiuza vitambaa vya sare za shule. Nilikuwa muuguzi wa hospitali ya serikali kabla ya kuajiriwa na kampuni yetu hii ya minara ya simu na intaneti. Nyinyi vijana mnaniita Sista. Wale wa zamani waliniita Mama Kikopo, na sikuwahi kukasirika, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuhakikisha kwamba anayepanda mnara, na anayekaa kwenye kompyuta akimwongoza, hana pombe wala dawa za kulevya mwilini.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye stoo yetu ya Matisi, iliyobanwa kati ya kinyozi na mama anayeuza githeri. Nilivaa viatu vyeupe vya hospitali. Ilikuwa imenyesha. Aliyenipokea ni Mzee Barasa, foromani wa wapanda minara, mtu wa Ndalu, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko kimo chake. Akavitazama viatu vyangu kwa huruma.

"Karibu Sista. Hivyo viatu vitarudi nyumbani na rangi ingine."

Vilirudi na rangi nyingine, na sikuvivaa tena.

Wakati huo hatukuwa na sera yoyote ya kupima watu. Nilikuwa wa huduma ya kwanza na kupima presha. Lakini asubuhi hiyo, chini ya mnara, kabla mtu hajavaa mkanda wa kupandia, niliona watu wamesimama duara. Barasa akatoa mfukoni bolti ndogo na nati yake, akampa wa kwanza. Yule akaifunga nati mpaka mwisho huku Barasa akimuuliza habari za nyumbani: watoto wameamkaje, yule ng'ombe amezaa? Akaifungua, akampa mwenzake. Bolti ikazunguka hivyo mpaka ikamfikia mtu mmoja ambaye hakuipokea. Alisema tu, "Leo mimi ni kamba," akatoka kwenye duara.

Kuwa kamba ni kubaki chini na kushika ile kamba inayopandisha vifaa kupitia kapi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Labda alikunywa jana yake, labda ana mgonjwa, labda yeye na mkewe hawasemezani. Alivaa glavu zake akasimama mahali pake. Wenzake walipofika juu, mmoja akapaza sauti, "Nani yuko kamba?" naye akataja jina lake. Hilo lilikuwa sharti: kifaa hakipandi mpaka aliye juu ajue kiko mikononi mwa nani.

Nilimuuliza Barasa, "Na mtu akiwa kamba kila siku, Mzee?"

"Hapo sasa naenda kwake jioni, tunaongea. Si lazima kila mtu ajue."

Sitaki mfikiri kwamba bolti ile ilikuwa sayansi. Nimewahi kuona mtu aliyevuta bhangi akiifunga nati vizuri kuliko mimi. Lakini ile duara ilimpa mtu mahali pa kusemea, na nilikaa miaka mingi kabla ya kuelewa uzito wa jambo hilo.

Kisha kampuni ikapata wateja wakubwa kutoka ng'ambo, na wateja wakaja na masharti yao. Sera ilishuka kutoka Nairobi, ikaletwa na Njeri, afisa wa usalama, msichana mwenye kusema haraka na kusikiliza haraka vilevile, sifa ambazo ni nadra kukaa pamoja. Alitusomea. Kila asubuhi kompyuta itachagua majina. Aliyechaguliwa atapuliza alkoblo na kutoa mkojo. Atakayepatikana na kitu atafutwa siku hiyohiyo. Anayekiri kuwa ametumia ni sawa na aliyepatikana. Duara ya bolti isimame, kwa kuwa si kipimo kinachotambuliwa.

Orodha ya dawa ilikuwa na majina ambayo Ndalu nzima haijawahi kuyaona hata kwenye sinema. Wekesa, mpandaji wetu hodari, akainua mkono.

"Madam, sijasikia ukitaja busaa."

"Busaa ni pombe," Njeri akajibu.

"Si pombe bana, ni chakula. Hata wazee wenye hawana meno wanakula."

Watu wakacheka, Njeri naye akacheka, kisha akaandika "busaa" kwa kalamu chini ya orodha. Ndivyo busaa yetu ilivyoingia kwenye sera ya kimataifa.

Mimi sera niliipenda, na bado naipenda. Mtu aliyeuguza walioanguka hawezi kuchukia kipimo. Nilijifunza kuonya kabla ya kupima, kumwonyesha mtu namba yake mwenyewe, na kumuuliza habari za nyumbani ili mkojo utoke. Nilijifunza pia ujanja. Fundi mmoja wa nyaya, ambaye sasa ni mchungaji na ndiyo maana simtaji, alikuja na mkojo wa shemeji yake kwenye chupa ndogo aliyoificha kwapani. Akaona umepoa. Akaisimamisha chupa kando ya jiko la mama wa chapati. Sasa vikopo vyetu vina utepe ubavuni unaosoma joto, na utepe ulisoma joto ambalo mwenye nalo huwa ameshazikwa. Nikamwambia, "Kaka, wewe si wa kupanda mnara. Wewe ni wa kulazwa."

Kule Bungoma, kwenye ofisi ya kompyuta, vijana waliona tunawaonea. Mmoja wao, Brayo, aliniambia, "Sista, mimi nakaa kwa kiti. Nikianguka nitaanguka wapi, kwa kapeti?" Sikubishana naye. Nilimpeleka Mabanga, nikamsimamisha chini ya mnara wetu ulio kati ya mashamba ya mahindi. Wekesa alikuwa juu, ameng'ang'ania vyuma, akisubiri mtu wa ofisini azime antena ndipo aisogelee, maana antena ikiwa hai inamchoma mtu bila moto kuonekana. Tulimsikia kwenye redio akiuliza, "Imezimwa? Ni hii yangu imezimwa, ama ni ingine?" Brayo alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Kesho yake alikuja kuomba kikopo mwenyewe, hata kabla ya kuchaguliwa, akakijaza hadi ukingoni. Nilimshukuru, nikamwambia kidogo kingetosha.

Lakini kitu kimoja kilinikaa rohoni. Neno kamba lilitoweka. Aliyewekwa chini aliwekwa kwa zamu, na hakuna aliyeomba. Si kwamba watu wote walikuwa wamekuwa wazima ghafla. Aliyejisikia vibaya alihesabu tu kwamba kompyuta haitamchagua leo, akavaa mkanda, akapanda.

Simiyu alikuwa mmoja wao. Alianguka kutoka mnara ulio nje kidogo ya Kitale, kabla hajafunga ndoano yake, akaangukia paa la chumba cha jenereta. Paa ndilo lililomwokoa. Nyonga ilivunjika. Hakuwa amechaguliwa asubuhi hiyo. Nilipomtembelea wodini alinishika mkono.

"Sista, nilitoka matangani kwa ndugu yangu. Sikuwa nimelala, na tulikunywa. Zamani ningesema mimi ni kamba. Sasa ningesema, si ungelazimika kuniandika?"

"Ningelazimika."

"Na watoto wangu wako shule," akasema, akageuka ukutani. Hayo sikuyaandika.

Barasa alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Tulipotoka nje alisema neno moja tu, "Huyu tumemwangusha sisi."

Ikafika Agosti ya mwaka wa tohara. Nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa, lakini Nekesa amenikumbusha kwamba wengine mmetoka mbali. Mtoto wa Kibukusu anayeenda kutahiriwa hupita kwa mjomba wake wa upande wa mama. Mjomba, yaani khocha, humchinjia fahali na kumvisha shingoni kipande cha nyama kiitwacho likhoni. Wazee hukaa kuzunguka chungu cha busaa na mirija yao mirefu, na khocha anayekataa mrija ni kama amemkataa mtoto. Barasa hakuwa mnywaji. Lakini aliyetahiriwa mwaka ule alikuwa mtoto wa dada yake wa pekee, naye Barasa alikuwa ameomba ruhusa ya siku zile mapema kabisa.

Ofisi ikamkatiza ruhusa. Kazi ya Mabanga ilisogezwa mbele kwa sababu ya wateja, akapigiwa simu arudi asubuhi. Akarudi. Bwana huyu hakuwa na muda mrefu kabla ya kustaafu, na kufutwa kulimaanisha kuondoka bila kiinua mgongo baada ya maisha yote juu ya vyuma.

Majina ya siku hiyo yaliingia kwenye simu yangu tukiwa njiani. La kwanza lilikuwa lake. Yeye hakujua.

Tulishuka. Ukungu ulikuwa bado juu ya mahindi. Vijana wakaanza kutoa mikanda garini. Barasa aliutazama mkanda wake bila kuugusa, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Leo mimi ni kamba."

Wekesa akamsogelea, akamnong'oneza, lakini Wekesa hajui kunong'ona.

"Mzee, si unyamaze tu. Labda hujachaguliwa."

"Simiyu pia hakuchaguliwa," Barasa akamjibu.

Nikamwambia, "Mzee, jina lako liko hapa."

"Hiyo ni kazi yako, Sista. Leta hiyo filimbi."

Alipuliza. Nikamwonyesha namba, kama alivyokuwa na haki ya kuiona. Haikuwa kubwa, lakini sera haikuuliza ukubwa. Akaitazama, akatikisa kichwa.

"Ni ya jana, kwa mtoto wa dada yangu. Sijutii, na sijutii kusema."

Hapo ndipo Wekesa akauweka mkanda wake chini. "Mimi sijakunywa," akasema, "lakini mtoto ana malaria, sijafunga jicho. Leo mimi pia ni kamba." Fundi wa tatu, ambaye hakuwa msemaji, akasema mgongo unamuuma tangu wiki iliyopita na anameza dawa zinazomtia usingizi. Akabaki mmoja, na mmoja hapandi peke yake. Mnara wa Mabanga haukupandwa siku ile.

Nilimpigia Njeri nikiwa nimekaa garini, machozi yakinitoka na sikuyaficha.

"Nina mmoja aliyepatikana na pombe na wawili wasiofaa kupanda," nilimwambia. "Na wote watatu wangekuwa juu ya mnara sasa hivi."

"Kati ya hao, kompyuta ilichagua wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa hao wengine nani aliwapata?"

"Wamejipata wenyewe. Baada ya Mzee kusema."

Kisha akasema, "Mzee aende nyumbani. Lakini asitie sahihi kitu chochote mpaka nije."

Wakati wa kungoja nilikwenda Ndalu kumjulia hali. Nilimkuta akipukuchua mahindi, akaniuliza kama nimekuja na kikopo. Mkewe alinitazama sana.

"Ni wewe ulimpulizisha?"

"Ni mimi, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi keti, unywe chai." Aliniletea chai nzito yenye maziwa, na viazi vitamu, na hakunisemesha tena. Sijawahi kula viazi vigumu kumezeka kama vile, na havikuwa na kosa lolote.

Njeri alikuja kweli. Alimkuta Barasa kwake, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kupelekwa stoo ya Matisi, ambako Simiyu, na magongo yake, alikuwa amepewa kazi ya kugawa vifaa. Wale wawili walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia, "Sista, tuliandika sera ya kukamata watu. Nilidhani ni sera ya kuwashusha salama." Akarudi Nairobi kupigana na wakubwa na wateja wa ng'ambo. Sikuwa huko na siwezi kuwasimulia alivyopigana. Najua tu kwamba aliihatarisha kazi yake mwenyewe.

Kifungu alichorudi nacho ndicho mnachokitumia leo. Anayesema mwenyewe kabla ya kugusa mkanda hafutwi. Mwenye uchovu au ugonjwa hubaki chini. Mwenye pombe hashiki hata kamba, anakaa nje ya kazi siku hiyo. Na hapo Njeri alikuwa sahihi kuliko Barasa, maana nyundo ikiponyoka haimuulizi aliye chini alikunywa nini. Anayerudia hupelekwa kwa mshauri kwa gharama ya kampuni. Vikopo vinabaki, alkoblo inabaki, na anayepatikana akiwa amevaa mkanda anakwenda nyumbani. Kifungu kina jina refu la kiofisi ambalo sijasikia mtu akilitamka. Nyote mnakiita kamba. Barasa alirudishwa kazini, na muda wake ulipofika akastaafu na kiinua mgongo chake chote. Na duara ilirudi. Haimo kwenye sera yoyote, lakini Njeri akija huku husimama ndani yake na kufunga nati, polepole sana.

Mtu wa kwanza kukitumia kifungu kile alikuja kwangu na vidonge mfukoni, akaviweka mezani. Yuko nanyi bado, mzima, na wengi wenu mmekula harusi yake. Mkitaka kujua ninamshukuru Mungu kwa lipi katika kazi hii, ni hilo. Nawashukuru na watu pia: Njeri kwa kurudi, mke wa Barasa kwa chai, na Barasa kwa kunifundisha kwamba kipimo ni kizuri zaidi mtu akijua anaweza kukitangulia.

Imebaki siku yangu ya mwisho, na nyote mlikuwapo, lakini hamkujua yote. Mliniandalia mkanda wa saizi yangu pale Mabanga ili nipande hatua chache nipigwe picha, mimi niliyewatuma watu juu miaka yote bila kuwahi kupanda. Barasa alikuja kutoka Ndalu amevaa tai. Mlipiga makofi. Nami nilitaka kupanda, wallahi nilitaka, nilikuwa hata nimenunua suruali.

Lakini usiku ule sikuwa nimelala kwa mawazo ya kuwaacha, na asubuhi nilijipima presha, nikaona namba ambayo ningemkataza nayo yeyote kati yenu. Mkasimama duara. Bolti ikazunguka, Nekesa akaninyooshea, mkiwa na simu zenu tayari kwa picha.

"Leo mimi ni kamba," nikasema.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Simu zikarudi mifukoni. Barasa akatoa kwenye koti lake la sherehe glavu zake za zamani, akanivisha moja baada ya nyingine, akasimama nyuma yangu. Wekesa akapanda, akawa mdogo, akafika. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nani yuko kamba?"

Nikamtazama Barasa. Yeye akatazama mahindi.

"Zuhura!" nikapaza sauti.

"Haya, Zuhura, leta spana," akajibu, nami nikavuta.